Sogea Upande Ule

Shahada ya uzamili aliyokuwa akiisoma Kauthar ilikuwa ya miaka miwili, naye alikuwa katika mwaka wa tatu. Wenzake sita walioanza naye kusomea usanifu wa mitambo kwa kompyuta walikwisha kuvaa majoho na kutawanyika, huyu mgodini, yule bandarini, wengine kwenye kufundisha. Yeye alibaki na kompyuta yake, na programu ya chuo iliyomkumbusha kila alipoiwasha kwamba leseni inakaribia kwisha. Alibaki pia na baba yake, mzee Tamimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mpanda mjini. Hakuna mteja aliyeingia dukani humo, hata wa kununua misumari ya robo kilo, akatoka bila kuambiwa kwamba binti wa nyumba hii ni injinia, bado kidogo tu.

Kilichomkwamisha kilikuwa kitu kimoja. Utafiti wake ulihusu mashine za kupura mpunga, zile zinazochomelewa na mafundi wetu kwa vyuma chakavu. Alikuwa amezichora kwenye kompyuta vipande kwa vipande, akazizungusha, akazibebesha mzigo, mpaka akaona wapi chuma kinachoka. Palipochoka, kompyuta ilipapaka rangi nyekundu. Picha zilikuwa nzuri. Dokta Shadrack, msimamizi wake, alizitazama akazirudisha.

"Hizi ni katuni," alimwambia. "Kwenye kioo chuma kinaweza kuvunjika mara elfu. Mimi nataka kivunjike duniani, pale ulipoonyesha, na kwa wakati ulioutaja. Ukinipa hicho, nakupa shahada. Usiponipa, kauze misumari na baba yako."

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema huku akifunga begi lake.

Basi mwezi wa tano, mpunga ulipoanza kukatwa, Kauthar alikwenda Majimoto kwa baba yake mdogo, Abdillah, aliyekuwa na mashine ya kupura. Mashine hiyo ilichomelewa na fundi mmoja wa Misunkumilo, na Abdillah alikuwa akiikodisha shamba hadi shamba. Ndani yake mlikuwa na ngoma ya chuma yenye meno, iliyozungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda. Ngoma ilibebwa na shafti moja, mtaimbo mnene kama kifundo cha mkono, uliofungwa mpya mwanzoni mwa msimu huo. Mtu alisimama mbele, akalisha mafungu ya mpunga, meno yakapukutisha punje, majani yakarushwa nyuma.

Mlishaji aliitwa Mwandu. Alikuwa Msukuma wa miaka arobaini hivi, ambaye baba yake alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini zamani zile Mpimbwe ingali pori. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti nzito iliyoongoza kwaya ya kanisa lao, lile linalosali Jumamosi. Pombe hakuijua. Hata soda aliinywa kwa mashaka.

"Karibu, dada injinia," alimwambia siku ya kwanza. "Mashine hii mimi naijua kwa masikio. Wewe utaijua kwa hicho kioo chako. Tuone nani atatangulia."

Alimsaidia kwa moyo mweupe. Kauthar alipofunga vipima mtetemo kwenye beringi, Mwandu ndiye aliyemshikia spana. Alipomwomba aandike kila siku mashine imefanya kazi saa ngapi, Mwandu alinunua daftari, akapiga mistari kwa rula, akaandika kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, bila kuruka siku. Mkewe, Nyanzala, alipoleta chakula cha mchana shambani, alileta na kibuyu cha maziwa ya mgando cha mgeni. Kauthar alikula nao chini ya turubai karibu wiki sita.

Majibu yalitoka siku ya Jumanne. Kauthar alikuwa chumbani kwa baba mdogo, kompyuta juu ya cherehani ya mama mdogo. Safari hii aliingiza mitetemo halisi, chuma halisi, na saa za daftari la Mwandu. Kompyuta ilifikiri tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha ikampa jibu. Shafti ingekatika upande wa puli, gurudumu la mkanda, pale fundi alipoipunguza unene ghafla ili iingie kwenye beringi. Ingekatika kati ya saa ya mia tatu tisini na saa ya mia nne ishirini.

Alifungua daftari. Mstari wa mwisho, wa Jumatatu, ulisema mia tatu sabini na mbili. Mashine ilikuwa ikifanya kazi saa kumi na moja kwa siku.

Alikaa na namba hiyo muda mrefu. Lilikuwa jambo jepesi kulimaliza. Shafti mpya ingechongwa Mpanda kwa siku moja, na nondo ya kuichongea ilikuwa imelala dukani kwa baba yake. Tena kabla hajaanza utafiti alikuwa ametia saini fomu ya chuo iliyosema kwamba akigundua hatari yoyote atawaarifu wahusika papo hapo. Lakini shafti mpya ingeanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Msimu ungeisha. Mwaka wa nne ungeanza.

Tena huenda kompyuta imekosea, alijiambia. Dokta mwenyewe amesema ni katuni. Utawatishaje watu kwa katuni?

Jioni ile, mezani, Abdillah alimuuliza, "Mashine yangu ina neno?"

"Haina neno, baba mdogo. Bado napima."

"Maana ningeomba tusisimame. Watu wa ng'ambo ya mto wananisubiri."

"Msisimame," Kauthar alisema, akamega ugali.

Jumatano na Alhamisi alikwenda shambani mapema kuliko vibarua. Kila jioni mashine ilipozimwa ikiwa nzima, alijikuta amekasirika. Hilo lilimshangaza kidogo, halafu akalizoea.

Ijumaa alikwenda na kamera ya kuazima na stendi yake. Mwandu kwa kawaida alisimama upande wa kulia, karibu na puli. Alipapenda hapo kwa sababu aliisikia beringi, na kwa sababu kamba ya kuzimia injini ilikuwa mkononi mwake. Lakini mwili wake mrefu ulifunika mahali palepale Kauthar alipotaka kupapiga picha. Injini ilikuwa ikinguruma polepole, haijapewa mzigo. Vibarua wengine walikuwa mbali, wakifungua rundo.

"Kaka Mwandu, sogea upande ule," Kauthar alimwambia. "Unanikingia kamera."

Mwandu aliutazama upande wa kushoto. "Kule siifikii kamba, dada. Na mkono utabidi uvuke ngoma."

"Dakika chache tu."

Mwandu alisogea. Dakika chache zikawa saa moja, saa moja ikawa mbili. Kauthar hakumwambia arudi, na Mwandu, kwa adabu yake, hakuuliza.

Shafti ilikatika saa nne na nusu asubuhi. Haikufanya kishindo kikubwa. Ilisikika kama fimbo kavu inayovunjwa gotini, kisha ngoma ikalala upande ikiwa bado inazunguka, ikanyakua fungu zima, na mkono wa kulia wa Mwandu ukaenda pamoja na fungu.

Kauthar alitazama saa yake. Halafu ndipo akapiga kelele.

Kijana mmoja wa vibarua alikimbia akavuta kamba. Walipomtoa Mwandu, mkono ulikuwa bado uko naye, lakini haukuwa tena mkono wa mtu. Hakulia. Alikuwa akisema jina la mkewe polepole, kama anayemwita kutoka chumba cha pili. Mama mmoja aliyekuwa akiuza gongo kwa siri kwenye mashamba yale alichomoa chupa chini ya kanga, akaimimina yote juu ya jeraha ili kulisafisha, mpaka shati la Mwandu likalowa. Kisha wakampakia kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, wakaenda naye kituo cha afya.

Shamba lilipobaki tupu, Kauthar alizima kamera. Alikiokota kipande cha shafti kilichoanguka, akakipima kwa rula. Mpasuko ulikuwa milimita tatu kutoka pale kompyuta ilipopaka nyekundu. Daftari lilikuwa juu ya gunia. Akajumlisha. Saa mia nne na nane.

Alikifunga kipande katika kanga yake. Njiani alijikuta akiirudia ile namba, na baadaye alipojiuliza ni kwa sababu gani, alijua kwamba si kwa huzuni peke yake.

Mkono ulikatwa hospitali Mpanda, chini kidogo ya kiwiko. Kauthar alikwenda kumwona mara mbili, mara zote na machungwa. Mwandu alimshukuru. Alimwuliza kama utafiti umeharibika.

Kule Majimoto mambo yalikuwa yameshageuka. Muuguzi wa kituo cha afya aliandika kwamba majeruhi ananuka pombe kali. Abdillah, aliyekuwa hana usingizi kwa hofu ya serikali na mashine yake isiyokaguliwa, alilidaka neno hilo kama mtu anayezama adakavyo unyasi. Alimweleza mtendaji wa kijiji kwamba mashine haikuwa na kosa. Mlishaji alilewa. Ushahidi? Harufu. Ushahidi mwingine? Alisimama upande usio wake. Miaka minne anasimama kulia, mbona siku hiyo alisimama kushoto? Kuvunjika kwa shafti, alisema, kulitokana na mlevi kusukumia mpunga wote kwa mpigo. Mama wa gongo, aliyejua ukweli wa harufu ile, alihamia kwa dada yake Mwese kabla hajaulizwa, maana kukiri kumwaga gongo ni kukiri kuuza. Vibarua walioona nao hawakujitokeza, kwa kuwa mashine ya Abdillah ndiyo iliyowalisha.

Neno likafika kanisani. Mwandu alipotoka hospitali, wazee wa kanisa walimwita. Alikwenda Jumamosi alasiri, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Kauthar naye aliitwa awe shahidi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa karibu. Alikaa kwenye benchi la nyuma amejitanda mtandio, Mwislamu peke yake chini ya bati lile, Abdillah akimngoja nje kwenye pikipiki.

Mzee wa kanisa, Sylvanus, aliuliza kwa upole. "Ndugu Mwandu, kwa nini ulisimama kushoto?"

"Dada injinia aliniambia nisogee. Nilikuwa nakinga kamera."

"Mbona hukulisema hili kwa mtendaji?"

"Niliona kama namsingizia mgeni. Nyie mmeniuliza mbele za Mungu, nasema."

Wote waligeuka. Mwandu naye aligeuka, akamtazama Kauthar bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyempa jirani funguo na sasa anaziomba.

Kauthar aliona jinsi maswali yatakavyofuatana. Kwa nini ulitaka kupiga picha pale hasa? Kwa nini siku hiyo? Ulijua nini? Na mwisho wa maswali hayo kulikuwa na fomu yenye saini yake.

"Tulizungumza mambo mengi siku ile," alisema. "Hilo sikumbuki."

"Hukumbuki, au hukusema?"

"Sikumbuki kusema."

"Na harufu ya pombe?"

Alimwona Nyanzala, mstari wa akina mama, mtoto mgongoni. "Harufu ilikuwepo," Kauthar alisema. Na hilo lilikuwa kweli.

Mwandu hakubisha. Aliutazama mkono ule wa shati uliobanwa kwa pini. Waliomjua walisema walitegemea angalau angeapa. Wazee walimweka chini ya marudi kwa mwaka mmoja. Hatashiriki meza ya Bwana, hataongoza kwaya, atakaa benchi la nyuma mpaka atubu. Atatubuje kosa ambalo hakulifanya, hakuna aliyemfundisha.

Nje, Abdillah alimwambia Kauthar, "Umesema vizuri." Alijibu kwamba amechoka.

Septemba alisimama mbele ya watahini watatu. Dokta Shadrack alikaa pembeni, mikono kifuani, ameridhika. Kauthar alionyesha grafu, akaonyesha picha nyekundu, kisha akatoa kile kipande cha shafti, kikiwa kwenye mfuko wa nailoni wenye namba. Watahini walikipitishiana. Mmoja, mama mmoja mtu mzima kutoka chuo kingine, alivua miwani.

"Ulitabiri kabla haijavunjika," alisema. "Siku tatu kabla. Nimeona tarehe ya faili. Sasa nieleze, uliwaarifu watu?"

Swali hili Kauthar alikuwa amelilalia na kuamka nalo wiki nyingi. Hakusitasita. Alibonyeza video. Kwenye ukuta mweupe likaonekana shamba la Majimoto, mashine, na mgongo mrefu wa mtu. Sauti yake mwenyewe ikasikika ndani ya chumba kile, safi kabisa: "Kaka Mwandu, sogea upande ule." Video ikakatika hapo.

"Nilimtahadharisha mwendeshaji akae mbali na upande wa hatari," Kauthar alisema. "Alisogea, kama mnavyoona. Kwa bahati mbaya, kuna taarifa za kitabibu kwamba siku hiyo alikuwa amelewa. Nimeeleza katika sura ya tano."

Yule mama aliandika kitu. "Ni vizuri una ushahidi," alisema. "Wengi hawajali watu wa shambani."

Alipita bila masahihisho. Dokta Shadrack alimpa mkono, akamwambia kwamba Oktoba kuna nafasi ya mhadhiri msaidizi, na kwamba jina lake ameshalipeleka.

Mzee Tamimu alichinja mbuzi wawili. Kauthar alirudi Mpanda kwa majuma matatu kabla ya kuanza kazi, akawa anakaa dukani na baba yake, kwa sababu mzee alitaka watu wamwone. Na ndipo asubuhi moja alipoingia Nyanzala.

Alikuwa amekonda. Aliomba kamba ya katani, mita kumi, na kufuli dogo. Kauthar alipima kamba mwenyewe, macho kwenye rula. Mzee Tamimu alikuwa ndani akizungumza na wateja wa bati.

"Hamjambo huko?" Kauthar aliuliza.

"Hatujambo. Tunahama. Tunashuka na ng'ombe upande wa Rukwa." Nyanzala aliweka mikono juu ya meza. "Sikuja kugombana, dada. Nimetumwa na mwenzangu. Anataka kuuliza jambo moja tu."

Kauthar alikunja kamba.

"Mwandu amebadilika," Nyanzala alisema. "Mwanzo alikuwa anasema, nilisogezwa. Nikamwamini. Halafu akaanza kusema, labda sikusogezwa. Dada injinia ni mtu msomi, hana sababu ya kusahau. Sasa anasema labda kweli alikunywa. Anasema labda kuna mtu alimpa maji yana kitu. Anaamka ananiuliza, Nyanzala, mimi nilikunywa? Mimi nimekaa naye miaka kumi na saba. Nitamjibu nini? Mimi sikuwepo. Uliyekuwepo ni wewe." Alilisogeza kufuli pembeni. "Kanisani hatarudi tena, hata ukisema. Na mtendaji hatumpelekei. Niambie mimi tu, nikamwambie ndani ya nyumba. Ulimsogeza, au hukumsogeza?"

Kulikuwa na mwanya. Kauthar aliuona waziwazi, kama mtu aonavyo mlango ulioachwa wazi. Neno moja tu, kwa mwanamke anayehama. Lakini neno husafiri. Lingekwenda Rukwa, lingerudi Majimoto, siku moja lingepanda basi hadi chuoni.

"Mwambie asijitese," alisema. "Mwambie apumzike."

"Hilo si jibu, dada."

"Sina lingine. Sikumbuki."

Nyanzala alimtazama. Hakumtukana, hakumlaani. Alichukua kamba na kufuli, akavifunga kwenye ncha ya kanga, akatoka, akakatiza barabara kati ya bodaboda bila kugeuka.

Mzee Tamimu alichungulia kutoka ndani. "Yule nani?"

"Mke wa kibarua wa baba mdogo."

"Yule mlevi?"

"Huyo huyo," Kauthar alisema.

Majuma mawili baadaye alipanda basi kwenda kuanza kazi. Abdillah alitengenezesha shafti nyingine kwa fundi yuleyule, kwa umbo lilelile, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba umbo ndilo lililokuwa na kosa. Tasnifu ilikuwa imeeleza yote hayo kurasa kumi na moja, kwa Kiingereza, na nakala yake iko maktaba ya chuo. Msimu uliofuata mashine ilivuka mto ikiwa na mlishaji mpya, mtoto wa dada yake Mwandu. Mwandu mwenyewe hakuna Majimoto aliyejua kwa hakika amefikia wapi. Wengine walisema yuko na ng'ombe wake mabondeni, haongei sana. Wengine walisema ameanza kunywa.